Je, wajua kwa nini sahihi ya Rais wa Marekani pekee haitoshi?

Jumamosi ya tarehe 22 Agosti 1789, George Washington alifunga safari fupi kwenda kuwaona maseneta. Serikali ya Marekani ilikuwa bado changa, makao yake yakiwa mjini New York. Alifuatana na waziri wake wa vita, Henry Knox, akiwa na karatasi za mapendekezo ya mkataba na makabila ya wenyeji wa kusini, hasa Wacreek. Katiba ilimtaka afunge mikataba kwa ushauri na ridhaa ya Seneti. Washington, jenerali aliyezoea kuuliza na kujibiwa, akaona njia rahisi ni kwenda mwenyewe: aulize, ajibiwe, aondoke.

Haikuwa hivyo. Makamu wa Rais, John Adams, alianza kusoma karatasi zile huku magari ya farasi yakipita nje kwa kishindo hata watu hawasikii. Madirisha yakafungwa, akasoma upya. Likaja swali la kwanza: mnashauri nini? Kimya. Seneta William Maclay wa Pennsylvania, ambaye ndiye aliyetuachia kisa hiki katika shajara yake, akasimama kuomba nyaraka zaidi zisomwe. Mwenzake, Robert Morris, akapendekeza jambo zima lipelekwe kwenye kamati. Washington akainuka amefura, akalalamika kwamba kufanya hivyo ni kuharibu madhumuni yote ya yeye kufika pale. Alirudi Jumatatu akiwa ametulia, shughuli ikaisha. Ila hakwenda tena barazani kuomba ushauri wa mkataba kwa mdomo, na waliomfuata wakashika desturi nyingine: jadiliana kwanza na wageni, kisha wapelekee maseneta karatasi iliyokwisha kuandikwa. Neno "ushauri" limo kwenye Katiba mpaka leo. Kinachofanya kazi ni ridhaa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu watu wengi huuliza: nani hasa anaamua sera ya nje ya Marekani? Jibu la haraka ni "Rais", na kwenye taarifa za habari huonekana hivyo. Lakini ukiisoma Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787, hutakuta mahali palipoandikwa kwamba mambo ya nje ni ya fulani. Waandishi wake waligawa vipande. Rais akapewa uamiri jeshi mkuu, kuwapokea mabalozi wa nchi nyingine, kuteua mabalozi wake na kufunga mikataba. Seneti ikapewa kuwathibitisha mabalozi hao, na kuikubali mikataba kwa theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria. Kongresi nzima, yaani Seneti pamoja na Baraza la Wawakilishi, ikapewa kutangaza vita, kusimamia biashara na mataifa ya nje, kutoza ushuru na kutoa fedha. Nani afanye nini pale vipande hivi vinapogongana, hawakusema.

Theluthi mbili ni kizingiti kirefu. Muulize Woodrow Wilson. Alikwenda Ufaransa mwenyewe baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akakaa huko miezi, akarudi na Mkataba wa Versailles wenye ndoto yake ndani: Shirikisho la Mataifa, chombo cha nchi nyingi cha kulinda amani. Katika msafara wake hakumchukua hata seneta mmoja, na chama cha Republican ndicho kilichokuwa na wingi Seneti. Nadhani hapo ndipo alipoanza kushindwa, kabla hata wino haujakauka. Kiongozi wa Republican, Henry Cabot Lodge, alitaka masharti yaongezwe, Wilson hakutaka. Septemba 1919 akapanda treni kuzunguka nchi kuwashawishi wananchi, akazidiwa baada ya kuhutubia Pueblo, Colorado, na siku chache baadaye akapatwa na kiharusi. Akiwa kitandani bado aliwaagiza wafuasi wake wasikubali masharti ya Lodge. Tarehe 19 Machi 1920 mkataba wenye masharti hayo ukapigiwa kura kwa mara ya mwisho: 49 ndiyo, 35 hapana. Walio wengi walikubali, na mkataba ukafa, kwa kuwa zilihitajika kura 56. Wilson akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Nchi yake haikujiunga kamwe na shirikisho alilolibuni.

Marais waliofuata walijifunza, na walichojifunza ni kuizunguka Seneti. Septemba 1940 Franklin Roosevelt aliipa Uingereza manowari kuukuu 50, naye akapata haki ya kutumia vituo vya kijeshi kuanzia Newfoundland hadi Karibiani kwa miaka 99, bila kura hata moja ya maseneta. Hayo huitwa makubaliano ya kiutendaji: Rais anakubaliana na serikali nyingine kwa mamlaka yake, au kwa mamlaka aliyokwishapewa na sheria fulani, bila kupitia mlango wa theluthi mbili. Tangu enzi za Roosevelt, zaidi ya tisa kati ya kila makubaliano kumi ambayo Marekani imefunga na wageni yamepita njia hiyo.

Kasoro yake ni kwamba kinachofungwa na Rais mmoja hufunguliwa na mwingine. Makubaliano ya nyuklia na Iran ya 2015 hayakupelekwa Seneti kama mkataba. Mei 2018 Donald Trump aliyaacha kwa tangazo. Hata mkataba kamili hauna kinga kubwa. Katiba inaeleza namna ya kuingia kwenye mkataba, haielezi namna ya kutoka. Jimmy Carter alipoamua kuuvunja mkataba wa ulinzi na Taiwan, Seneta Barry Goldwater alimshitaki. Desemba 1979 Mahakama ya Juu iliitupa kesi bila kusema nani mwenye haki.

Vita navyo vina mkasa wake. Mara ya mwisho Kongresi kutangaza vita rasmi ilikuwa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania. Korea, Vietnam na vita vyote vilivyofuata havikutangazwa hivyo. Mwaka 1973, ikiwa imechoshwa na Vietnam, Kongresi ilipitisha sheria inayomtaka Rais atoe taarifa ndani ya saa 48 baada ya kuwaingiza wanajeshi vitani, na kuwaondoa baada ya siku 60 kama hajapata idhini, na siku 30 za nyongeza za kuwaondoa kwa usalama. Richard Nixon aliikataa kwa kura ya turufu. Kongresi ikaipitisha juu ya kichwa chake. Marais wengi tangu hapo wameandika taarifa zao kwa lugha ya tahadhari, wakiiheshimu sheria hiyo bila kukiri kwamba inawabana.

Usije ukadhani basi Kongresi imebaki pambo. Ina mkoba. Tangu 1796 Baraza la Wawakilishi, ambalo halina kura kwenye mikataba, lilionyesha kwamba mkataba uliokwishakubaliwa na Seneti unaweza kukwama kwa kukosa fedha: pesa za kutekeleza mkataba na Uingereza, uitwao Mkataba wa Jay, zilipita kwa kura 51 dhidi ya 48. George W. Bush alipotangaza Januari 2003 mpango wake wa kupambana na UKIMWI wa dola bilioni 15 kwa miaka mitano, ilikuwa ni hotuba tu mpaka Kongresi ilipopitisha sheria Mei mwaka huo.

Na wakati mwingine hunyang'anya usukani kabisa. Ronald Reagan hakutaka kuiwekea Afrika Kusini ya makaburu vikwazo vizito. Alisema mazungumzo ya taratibu yangetosha. Kongresi haikuona hivyo. Mwaka 1986 ilipitisha sheria iliyozuia uwekezaji mpya, makaa ya mawe, chuma na urani kutoka huko, na hata ndege za shirika la Afrika Kusini kutua Marekani. Reagan akaipiga turufu Septemba 26. Ndani ya wiki moja Baraza la Wawakilishi likaitengua kwa kura 313 dhidi ya 83, na Seneti kwa 78 dhidi ya 21, wakiwemo maseneta wengi wa chama chake mwenyewe. Sera ya nje ikabadilika huku Rais akitazama.

Mvutano haupo kati ya mihimili tu. Ndani ya serikali yenyewe kuna Wizara ya Mambo ya Nje, na kuna Baraza la Usalama wa Taifa lililoundwa 1947 pembeni mwa Rais. Julai 1971 mshauri wa usalama wa taifa, Henry Kissinger, akiwa Pakistan alisingizia kuumwa tumbo, kumbe amerushwa kwa siri hadi Beijing kufungua njia ya uhusiano na China. Waziri wa Mambo ya Nje, William Rogers, hakushirikishwa katika kuipanga safari hiyo. Mshauri huyo, tofauti na waziri, hathibitishwi na Seneti. Labda ndiyo maana marais huvipenda viti vya aina hiyo.

Mahakama kwa kawaida hujiweka pembeni, ila kuna neno moja la pasipoti lililoifikia mara mbili. Mwaka 2002 Kongresi ilipitisha sheria kwamba raia wa Marekani aliyezaliwa Yerusalemu akiomba, pasipoti yake iandikwe amezaliwa "Israeli". Mwezi uliofuata alizaliwa mtoto huko, wazazi wakaomba hivyo, Wizara ikakataa na kuandika "Yerusalemu" tu, kwani sera ya Rais ilikuwa kutotambua mji huo kuwa wa yeyote. Kesi ikaenda na kurudi hadi 2015, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba kutambua nchi na mipaka yake ni kazi ya Rais peke yake, na Kongresi haiwezi kumlazimisha ajipinge mwenyewe kwenye karatasi zake.

Familia ikashindwa. Desemba 2017 Rais mwingine akautambua Yerusalemu kuwa mji mkuu wa Israeli, lakini pasipoti ziliendelea kuandikwa vilevile hadi mwishoni mwa Oktoba 2020, Wizara ilipobadili utaratibu wake. Pasipoti ya kwanza yenye neno hilo alikabidhiwa yuleyule mtoto wa kesi. Alikuwa na miaka 18.