Mkuu wa kikosi wa NASCAR si fundi wa tairi

Ukitazama mbio za magari za NASCAR za Marekani, utamwona mtu ameketi juu ya jukwaa kando ya ukuta wa piti, yaani mahali gari linaposimama kuhudumiwa, visikizio masikioni, skrini zimemzunguka. Huyo ndiye mkuu wa kikosi, na kazi yake haieleweki kabisa kwa watu wengi.

Wengi hudhani ndiye anayefungua tairi. Hapana. Tangu 2018 wanaoruka ukuta kuhudumia gari ni 5: wawili wa kufungua na kufunga tairi, mbebaji wa tairi, mtu wa jeki na mtu wa mafuta. Mkuu yuko juu anasikiliza. Dereva analalamika redioni kwamba nyuma inateleza, au mbele inagoma kukata kona. Sasa aamue haraka: spana ipitishwe kwenye tundu la kioo cha nyuma, izungushwe nusu kurekebisha springi ya nyuma? Upepo wa tairi za kulia upunguzwe? Zibadilishwe tairi mbili au nne? Mbili zitamtoa dereva piti mapema, lakini wenye nne mpya wanaweza kumkuta baadaye na kumpita kwa urahisi. Hapa ndipo ninapomheshimu mkuu kuliko mtu yeyote uwanjani.

Wengine husema dereva akiwa hodari, mkuu yeyote atafaa. Dereva Jimmie Johnson alitwaa ubingwa mara 7, zote mkuu wake akiwa Chad Knaus. Wabishi hutaja mbio za Daytona 500 za 2006: Knaus alikuwa amefukuzwa uwanjani kwa kukiuka kanuni za gari, Darian Grubb akashika nafasi yake, na Johnson akashinda. Mimi naona tukio hilo linathibitisha kinyume. Ushindi hupikwa gereji kabla ya siku ya mbio, na Grubb hakuokotwa njiani; alikuwa mhandisi wa timu hiyohiyo. Mwaka 2011 alimwongoza dereva Tony Stewart hadi ubingwa, ilhali alikwishaambiwa kabla ya msimu kwisha kwamba nafasi yake haipo tena. Mpaka leo naona hakutendewa haki.

Je, lazima uwe na shahada? Grubb alisomea uhandisi Virginia Tech, na siku hizi wenzake wa aina hiyo ni wengi. Knaus yeye alianza kwenye magari ya mbio ya baba yake huko Rockford, Illinois, kisha akawa fundi na mbadilisha tairi chini ya Ray Evernham, mkuu aliyempa dereva Jeff Gordon ubingwa wa 1995, 1997 na 1998.

Na wanaosema gari jipya la 2022 limerahisisha kazi, kwa kuwa vipuri vingi vinanunuliwa kwa muuzaji mmoja? Gari hilo lina nati moja tu kwa kila tairi. Msimu huo, tairi likichomoka gari likiwa mbioni, mkuu alifungiwa mbio 4 pamoja na vijana wawili wa kikosi chake, ingawa mkono wake haukuigusa nati hiyo.