Kikao kikiganda, si bando lililoisha

Kikao cha SSH (njia salama ya kuendesha kompyuta iliyo mbali kwa amri) kikiganda baada ya kukaa kimya, wengi hapa Dodoma husema bando limeisha au ruta imekufa. Sivyo. Fungua ukurasa wowote: ukifunguka, laini ni nzima. Mara nyingi mtambo wa mtoa huduma, unaogawia wateja wengi anwani moja, umefuta rekodi ya muunganisho usiopitisha kitu. Kiwango cha kimataifa kinataka rekodi ya muunganisho wa TCP, aina ambayo SSH hutumia, itunzwe ikiwa kimya kwa angalau saa 2 na dakika 4. Mitandao mingine hukata mapema mno, na hilo linaudhi. Kuzima ruta hakuponyi. Weka ServerAliveInterval 60 kwenye faili la mipangilio ya SSH katika kompyuta yako, ili itume ishara kila sekunde 60 za ukimya. Ukipigia huduma kwa wateja, usiseme “neti inasumbua”. Taja kikao kinakatika baada ya dakika ngapi za ukimya.