Kipimo cha vinasaba kwa mbwa na paka: ni nini, na pesa inakwenda wapi

Kipimo cha vinasaba huangalia DNA ya mnyama ili kujua kama amerithi hitilafu inayofahamika kuleta maradhi fulani. Hakipimi maradhi aliyoyapata. Mbwa mwenye homa ya kupe au paka aliyeacha kula anataka daktari wa mifugo amtazame na damu yake iangaliwe kwa darubini, na huko pesa itamfaa zaidi. Kipimo hiki kina swali moja tu: katika alichopewa na wazazi wake, kasoro hii imo au haimo? Jibu halibadiliki maisha yake yote, ndiyo maana hupimwa mara moja, hata akiwa mdogo.

Maradhi mengi ya kurithi hutokea pale mnyama anapopata nakala mbili za hitilafu, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja huitwa mbebaji: mwenyewe mzima, lakini anaipitisha. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila mtoto ana nafasi 25 kwa 100 ya kuugua, 50 ya kuwa mbebaji na 25 ya kuwa salama kabisa. Mbebaji si mnyama wa kutupwa. Akipandishwa na aliye salama, hakuna mtoto atakayeugua.

Maradhi ya figo ya paka wa Kiajemi hayafuati kanuni hiyo. Hitilafu yake iko kwenye jeni (kipande cha DNA) iitwayo PKD1, na nakala moja inatosha. Figo hujaa vifuko vya maji polepole, na paka anaweza kuonekana hana neno mpaka afike miaka saba hivi, ilhali keshazaa mara kadhaa na watoto wametawanyika kwa watu. Hitilafu hii ilitambuliwa mwaka 2004, wakati ambapo zaidi ya thuluthi moja ya paka wa Kiajemi waliochunguzwa walikuwa na maradhi haya. Kwa wanaofuga paka wenye manyoya marefu pale Mji Mkongwe au wanaowaagiza kutoka Bara na Ghuba, hiki ndicho kipimo cha kwanza kukifikiria. Paka wa kawaida wa Darajani hana haja nacho.

Sasa bei. Kipimo cha maradhi mamoja katika maabara nyingi za Marekani na Ulaya huwa dola 40 hadi 80. Kifurushi kinachoangalia maradhi mia mbili na zaidi kwa pamoja hufika dola 100 hadi 200. Cha Embark ya Boston, cha ukoo na afya ya mbwa, kimekuwa kikitangazwa kwa dola 199. Ukigawa kwa idadi ya maradhi, kifurushi kinaonekana rahisi mno. Lakini sehemu kubwa ya orodha ile ni maradhi ya mbegu, yaani aina, za mbwa ambazo hazijapata hata kukanyaga Unguja. Kwa mnyama ambaye mbegu yake inajulikana, vipimo viwili au vitatu vya mbegu hiyo hutosha.

Bei ya maabara, hata hivyo, ni nusu ya hesabu tu. Sampuli husafirishwa nje, na si kila kampuni inapokea kutoka Tanzania, kwa hiyo huulizwa kwanza kabla ya kulipa. Tuseme kipimo ni dola 50, usafirishaji wa haraka dola 70, na dola moja ni shilingi 2,600. Paka mmoja anakugharimu shilingi 312,000, bado makato ya benki kwa malipo ya mtandaoni. Watu wanne wakitia sampuli zao katika bahasha moja, jumla ni dola 270, yaani shilingi 175,500 kwa kila paka. Aliyeko Wete au Mkoani huongeza nauli ya boti ya kufikisha bahasha Unguja, jambo dogo, lakini siku zinahesabika.

Njia nyengine ya kupunguza ni kupima wazazi badala ya watoto. Baba na mama wakiwa salama wote wawili kwa kasoro hiyo, watoto wote wako salama nayo.

Kuchukua sampuli ni kazi ya dakika chache, na ndipo pesa nyingi zinapopotea. Mnyama asile kwa muda wa saa moja kabla, na mtoto anayenyonya atengwe na mama yake muda huohuo, kwani chembe za mama zikibaki mdomoni zitaharibu jibu. Chukua kijiti cha pamba kilichofungwa, au kibrashi kama maabara imetaka hivyo, kisukume kati ya shavu na ufizi, kizungushe kwa nguvu kidogo sekunde 30. Mate peke yake hayatoshi. Kinachotakiwa ni chembe za ngozi ya ndani ya shavu. Upande wa pili tumia kijiti kipya.

Halafu kikaushe. Kwa unyevu wa kwetu, khasa miezi ya masika, kijiti kilichofungwa kibichi ndani ya mfuko wa nailoni huota ukungu kabla hakijafika uwanja wa ndege, na bakteria huila DNA. Kiachwe wazi kivulini, pasipo na jua, kikauke vyema, kisha kitiwe kwenye bahasha ya karatasi, kila mnyama na yake, jina limeandikwa kabla ya kuchukua sampuli na siyo baadaye. Vifurushi vyenye chupa ya maji ya kuhifadhia havihitaji kukaushwa.

Upande wa mbwa, wengi walioko hapa ni wa ulinzi wa hoteli na majumba, na Jemani Shepadi ndiye apendwaye. Kwake kuna kipimo kimoja chenye faida ya moja kwa moja: cha jeni ya MDR1, ambayo hitilafu yake kwa mbwa iligunduliwa mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani. Mbwa mwenye nakala mbili za hitilafu hii ubongo wake hauna kinga dhidi ya ivermektini, dawa ya minyoo na wadudu. Dawa hiyo inauzwa kwa ajili ya ng'ombe katika nguvu ya miligramu 10 kwa mililita, na watu huwadunga mbwa kwa upele. Mbwa wa kilo 30 akipewa kiasi kilekile cha dawa anachopewa ng'ombe kwa kila kilo hupata miligramu 6, yaani mililita 0.6 tu, kiasi kisichoonekana kitu kwenye bomba. Kwa mbwa mwenye nakala mbili za hitilafu kinaweza kumlaza kwenye usingizi asiamke. Hitilafu hii imeenea zaidi kwa mbwa aina ya Collie kuliko kwa Shepadi, lakini asiyepimwa na apewe dawa nyengine.

Nyonga mbovu, inayowasumbua sana Shepadi, haina kipimo cha jeni cha kutegemea, maana inatokana na jeni nyingi pamoja na chakula na uzito. Hiyo ni kazi ya eksirei. Paka wa Kiajemi naye, akishafika miezi kumi, anaweza kuangaliwa figo kwa altrasaundi bila kutuma chochote nje.

Ukionyeshwa cheti na muuzaji, tazama namba ya chipu, kile kidude kidogo kinachotiwa chini ya ngozi ya mnyama. Cheti chenye jina tu, "Simba" au "Malaika", kinaweza kuwa cha paka yeyote. Mwambie daktari amsome mnyama kwa mashine, namba zilingane, ndipo mzungumze bei.