Green ban ni nini hasa? Mgomo wa vibarua wa Sydney usiodai mshahara

Ukisikia green ban, au tuseme marufuku ya kijani, usiwafikirie wanaharakati waliojifunga minyororo kwenye mti. Hiki ni kitu cha vibarua wa ujenzi, yaani watu wa zege, wa majukwaa, wa kubomoa. Chama chao kinakataa kugusa mradi fulani kwa sababu utaharibu pori, bustani, jengo la kale au mtaa wa watu wa kipato kidogo, na wakikataa wao basi tajiri awe na kibali, awe na mkopo wa benki, atakaa na ramani yake mezani. Hawadai nyongeza, na kazi wanayoikosa ni ya kwao wenyewe, hapo ndo wengi hawaelewi.

Ilianza Sydney, Australia, mwaka 1971. Kitongoji cha Hunters Hill, mtaa wa watu wenye nazo, kulikuwa na kipori kando ya maji kinaitwa Kelly's Bush, kampuni ikataka kujenga nyumba za kifahari pale. Wanawake 13 wa mtaani wakaandika barua kila ofisi, halmashauri, serikali ya jimbo, wapi. Mwisho wakaenda kwa chama cha vibarua wa ujenzi cha New South Wales, jimbo lenye Sydney, ambacho katibu wake Jack Mundey alikuwa mkomunisti wa waziwazi, hebu fikiria akina mama wa Hunters Hill na wakomunisti meza moja!

Chama kikawaambia sawa, ila iteni kwanza mkutano wa hadhara tuone kama mtaa mzima unataka au ni nyie tu. Wakaja watu kama 600. Kampuni ikajibu itatumia vibarua wasio wa chama, basi wenzao waliokuwa saiti nyingine ya kampuni hiyohiyo wakatuma ujumbe kwamba ukiangushwa hata mti mmoja Kelly's Bush, jengo hili halimaliziki, litabaki nusu hivihivi liwe mnara wa kumbukumbu. Kipori kipo mpaka leo.

Kwangu huo mkutano ndo moyo wa jambo zima. Chama hakikuwa kinaamua chenyewe kwamba hapa pasijengwe, kilisubiri wakazi waombe na waonyeshe kweli wako pamoja. Serikali ilikuwa haiwaulizi wananchi, vibarua wakawauliza.

Miaka michache tu marufuku zikapita 40. Kubwa ilikuwa The Rocks, mtaa mkongwe karibu na bandari, ambako mamlaka ilitaka kuangusha nyumba za karne ya 19 iweke maghorofa ya ofisi. Mwaka 1973 wakazi na vibarua walikaa mbele ya wabomoaji, polisi wakambeba Mundey juujuu. Leo watalii wanapiga picha palepale na wengi hawajui nani aliyepaokoa. Ila haikuwa mchezo, Victoria Street kule Kings Cross, mtaa mwingine wa Sydney, mwandishi wa habari Juanita Nielsen, aliyekuwa anapinga mradi wa pale, alipotea Julai 1975 na mwili wake haujapatikana hadi sasa.

Mwaka huohuo viongozi wa kitaifa wa chama walilimeza tawi la New South Wales na akina Mundey wakatupwa nje. Lakini jimbo likapata sheria ya urithi 1977, na 1979 sheria ya mipango miji iliyompa mwananchi nafasi ya kusema kabla ya kujengwa.

Usiichukulie kama dawa ya kila kitu lakini. Sirius, jengo la nyumba za serikali lililojengwa kuwapa makazi watu wa The Rocks baada ya vurugu zile, liliwekewa marufuku tena miaka ya 2010 serikali ilipotaka kuliuza. Jengo limesimama kweli, ila wapangaji walihamishwa na sasa ni apatimenti za mamilioni. Willow Grove, jumba la kale kule Parramatta, magharibi mwa Sydney, hata jengo halikubaki, chama cha wafanyakazi wa ujenzi kiliweka marufuku 2020, mwaka uliofuata likafumuliwa, vipande vikawekwa kwa ahadi ya kulijenga kwingine, na kilichohitaji hicho kiwanja ni makumbusho.