Kusoma anwani ya MAC ya kompyuta kwa makro ya Excel: inachokwambia na isichokwambia

Mtunza vifaa wa ofisi anapotakiwa kuorodhesha kompyuta zote pamoja na anwani zake za mtandao, mara nyingi hupita meza kwa meza na daftari. Anafungua dirisha la amri, anaandika getmac, kisha ananakili tarakimu 12 kwa mkono. Akirudi mezani kwake, B imekuwa 8 na D imekuwa 0. Kosa halionekani mpaka siku fundi wa mtandao anapoisajili kompyuta ile kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi, nayo ikakataa kuunganishwa. Hapo ndipo makro fupi ndani ya lahajedwali, yaani mfululizo wa amri ambazo Excel huzitekeleza yenyewe, inapomwokoa, maana anwani inatoka kwenye mfumo wa kompyuta na kuingia kwenye kisanduku bila kupitia kidole cha mtu.

Anwani ya MAC ni namba ya biti 48 inayobebwa na kila kadi ya mtandao, iwe ya waya au ya Wi-Fi. Huandikwa kwa heksadesimali, yaani tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F, katika jozi sita. Jozi tatu za mwanzo kwa kawaida humtambulisha mtengenezaji, ambaye hupewa fungu lake na taasisi ya IEEE. Jozi tatu za mwisho huzipanga mwenyewe. Nafasi zilizopo ni zaidi ya trilioni 281. Nasisitiza neno kadi, kwa sababu anwani hii ni ya kadi, si ya kompyuta nzima wala si ya mtu anayeitumia. Karibu kila kosa nitakalolitaja hapa chini linatokana na kusahau jambo hilo.

Kwenye Windows, njia nyepesi ni kuuliza WMI, huduma ya mfumo inayojua vifaa vyote vilivyomo ndani ya kompyuta. Fungua Excel, bonyeza Alt na F11, kwenye menyu ya Insert chagua Module, kisha bandika maandishi haya:

```
Sub SomaAnwani()
    Dim wmi As Object, kadi As Object
    Dim mstari As Long
    Set wmi = GetObject("winmgmts:\\.\root\cimv2")
    For Each kadi In wmi.ExecQuery( _
        "SELECT * FROM Win32_NetworkAdapter WHERE PhysicalAdapter = True")
        If Not IsNull(kadi.MACAddress) Then
            mstari = Cells(Rows.Count, 1).End(xlUp).Row + 1
            Cells(mstari, 1).Value = Environ("COMPUTERNAME")
            Cells(mstari, 2).Value = kadi.Name
            Cells(mstari, 3).Value = kadi.MACAddress
        End If
    Next
End Sub
```

Hifadhi faili kwa aina ya .xlsm, la sivyo makro itapotea. Kila ukiiendesha, inatafuta mstari wa kwanza ulio wazi na kuandika jina la kompyuta, jina la kadi na anwani yake. Nukta iliyo kwenye njia ya WMI maana yake ni kompyuta hii hii ninayoitumia.

Utakuta mifano mingi inayouliza Win32_NetworkAdapterConfiguration, orodha ya WMI ya mipangilio ya kadi, na kuweka sharti la IPEnabled, yaani kadi iwe inatumia IP. Inafanya kazi, lakini ina mtego: kadi ambayo haijaunganishwa haina anwani ya IP, ile namba ya kuwasiliana ndani ya mtandao, hivyo haitokei kabisa. Ukichomoa waya, jibu linakuwa tupu. Mbaya zaidi ni ile mifano inayochukua kadi ya kwanza na kuishia hapo. Leo kompyuta iko kwenye waya, kesho iko kwenye Wi-Fi, na orodha yako itadhani ni kompyuta mbili. Ndiyo maana makro ya hapo juu inaandika kadi zote. Kuchagua ni kazi ya mwenye macho.

Na kuchagua kwenyewe kunahitaji uangalifu. Licha ya sharti la PhysicalAdapter, linalotaka kadi halisi tu, bluetooth huwa inajitokeza. Hujitokeza pia kadi za kubuni zinazowekwa na programu za kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta. Zile za VMware mara nyingi huanza na 00:50:56 au 00:0C:29, za VirtualBox na 08:00:27, za Hyper-V na 00:15:5D. Ukiziona hizo, ziache nje ya orodha ya vifaa. Kuna jingine ambalo watu hulipuuza: laptopu nyembamba zisizo na tundu la waya. Mtumiaji huchomeka kigeuzi cha USB, na anwani unayoisoma ni ya kigeuzi kile. Kesho akimwazima mwenzake, anwani inahama naye. Safu ya jina la kadi ndiyo itakayokufumbua macho, kwa hiyo usiifute hata kama inakuharibia mpangilio wa ukurasa.

Sasa niseme juu ya Excel yenyewe, maana hapa ndipo nimeona orodha nzuri zikiharibika. WMI hutoa anwani ikiwa na nukta pacha kati ya jozi, na Excel huiacha kama maandishi. Lakini mifumo mingine huitaka bila alama yoyote, basi mtu anazifuta kwa amri ya kutafuta na kubadilisha. Anwani 08:00:27:12:34:56 inageuka namba 80027123456, na sifuri ya mwanzo imekwenda. Kibaya zaidi ni 00:50:56:01:23:E4. Ikiondolewa alama, Excel inaona herufi E katikati ya tarakimu na kudhani ni namba ya kisayansi. Kisanduku kinaonyesha 5.06E+11. Anwani ya asili haipo tena ndani ya kisanduku, na kubadilisha muundo wa safu baadaye hakutairudisha. Kwa hiyo acha safu ya asili kama ilivyo, kisha kwenye safu ya pembeni tumia fomula =SUBSTITUTE(C2,":",""), ambayo jibu lake hubaki maandishi.

Swali tunaloulizwa sana ni kama anwani hii inaweza kutumika kufungia faili, ili lahajedwali ya mishahara ifunguke kwenye kompyuta moja tu. Jibu langu ni hapana, na ninalisema kwa uzito. Kwenye mipangilio ya kadi nyingi ndani ya Windows kuna nafasi ya kuandika anwani nyingine, na mwenye haki za usimamizi huibadilisha kwa dakika moja bila programu yoyote ya ziada. Baada ya hapo WMI hutaja ile mpya kwa uaminifu wote. Tena, asiyetaka makro yako imkague huizima tu makro. Upande wa pili, kadi ikiungua na kubadilishwa, mhasibu halali ndiye anayefungiwa nje siku ya malipo. Faili yenye siri ifungwe kwa nywila ya kuifungulia ambayo Excel inatoa, na ihifadhiwe mahali penye ruhusa za watumiaji.

Zipo pia anwani zinazobadilika bila nia mbaya. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu huzoea kujibunia anwani kwa kila mtandao wa Wi-Fi ili mwenye simu asifuatiliwe, na Windows 10 na 11 zina chaguo kama hilo. Kuna dalili ya kuitambua: tazama tarakimu ya pili ya anwani. Ikiwa ni 2, 6, A au E, kwa kawaida imepangwa na programu, haikutoka kiwandani. Mwenye kuhitaji ile ya kiwandani kwenye Windows 8 na kuendelea anaweza kuuliza MSFT_NetAdapter, orodha nyingine ya kadi iliyo ndani ya root\StandardCimv2 na kusoma PermanentAddress.

Kabla ya kuisambaza faili yako, fikiria wanaoipokea. Mwaka 1999 kirusi cha Melissa kilisambaa duniani kupitia makro ya hati iliyotumwa kwa barua pepe, na tangu 2022 Microsoft imezuia kwa kawaida makro za faili zilizotoka kwenye intaneti. Usimwambie mtu alegeze ulinzi wa Excel yote ili makro yako ipite. Iweke faili kwenye folda ya ofisi ambayo wasimamizi wameikubali, au msimamizi aitie saini ya kidijitali. Pia waeleze watumiaji unachokusanya na sababu yake. Anwani ya MAC ikikaa mstari mmoja na jina la mtu inamhusu mtu huyo: kumbukumbu za Wi-Fi zikilinganishwa nayo zitaonyesha alikuwa wapi na saa ngapi. Orodha hiyo isionwe na wasiohusika.

Makro hii haitafanya kazi kwenye Excel ya macOS, kwa kuwa WMI ni ya Windows, wala kwenye Excel ya kivinjari, ambayo haiendeshi makro za aina hii. Kwa kompyuta za Apple, fungua mipangilio ya mfumo upande wa mtandao, tafuta anwani ya kadi husika, uinakili na kuibandika moja kwa moja kwenye kisanduku. Ukiiandika kwa mkono, B itarudi kuwa 8.