Idhini ya Bunge si taarifa kwa Bunge

Juzi nikiwa kwenye matatu ya Rongai, mtangazaji wa redio alieleza habari za wanajeshi kutumwa, akasema Bunge "limeshaarifiwa, kwa hivyo idhini ipo". Nimelisikia kosa hilo mara nyingi mno.

Idhini ya Bunge ni ruhusa ya kutumia jeshi inayotolewa na wabunge kwa kura, kabla ya jeshi kutumwa.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, kutoka mzizi uliotupa pia adhana na muadhini, na ndio mzizi wa neno lao la sikio. Mwenye kutoa idhini husikiliza kwanza: ombi limfikie, alipime, ndipo ajibu, na jibu laweza kuwa hapana. Ndiyo maana hodi hupigwa mtu akiwa bado mlangoni. Aliyeingia akaketi kisha akabisha hodi hajaomba chochote. Taarifa nayo ni jamaa ya maarifa: ukipewa umejua, basi. Katikati ya idhini na taarifa kuna kuridhia, kutoka ridhaa, na huko mtu aweza kukubali jambo lililokwisha kutendeka.

Katiba yetu ya Kenya ya 2010 haichanganyi. Kifungu cha 241 kinasema jeshi likisaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura au maafa, litoe ripoti kwa Bunge la Taifa. Likipelekwa kurejesha amani penye machafuko humu nchini, ni lazima Bunge hilo liidhinishe. Kulituma nje kulinda amani ni kifungu cha 240, na hapo Seneti nayo imo.

Juni 2024 neno idhini tulilipa uzito mdogo kupita kiasi. Tarehe 25 jeshi liliitwa kusaidia polisi kwa kutumia ile sehemu ya ripoti. Tarehe 26 Bunge la Taifa likapitisha hoja ya kuunga mkono. Magazeti yakaandika "idhini". Kwangu mimi kule kulikuwa kuridhia, kwa sababu mgeni alikuwa ameshaketi.

Hata Marekani, sheria ya 1973 inampa rais aliyepeleka jeshi vitani saa 48 za kuliarifu Kongresi, yaani bunge lao, kisha siku 60, kwa kawaida, za kuacha vita asipoidhinishiwa. Kuarifu kwake hakusimamishi hesabu ya siku.

Basi ndugu mtangazaji, waziri akipeleka barua bungeni, tuambie wabunge wamearifiwa. Idhini itaje kura ikishapigwa, na utuambie pia kama wanajeshi walikuwa bado kambini.