Miguu ya ndege yako ya foamu inang'oka kila ukitua? Soma hapa kabla hujanunua waya mnene

Kila nikiletewa ndege ya foamu ya rimoti nitengeneze huwa ni kisa kilekile. Mwenyewe anaigeuza tumbo juu, na pale miguu ilipokuwa pamebaki shimo kama la jino lililong'olewa, kile kiboksi cha plastiki kinachoshika miguu kinaning'inia na mabonge ya foamu bado yameking'ang'ania. Alafu mkono wa pili ameshika waya mpya, mnene, anasema fundi niwekee huu maana ule wa mwanzo ulikuwa laini. Namwambia ndugu yangu hebu ushike huo wa mwanzo uutazame vizuri. Haujapinda hata kidogo! Waya mzima, foamu ndo imeachia, na ukiniambia niweke huo mnene mahali palepale siku nyingine utaniletea shimo kubwa zaidi ya hili.

Sa ngoja nieleze kwa nini, maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Waya wa miguu kazi yake ni springi. Ndege inagusa chini, waya unajikunja, ile nguvu inaliwa polepole badala ya kupiga mara moja. Chukua ndege ya kilo 1.2, sema imeishiwa mwendo ikadondoka sentimita 30 za mwisho, jambo la kawaida kabisa kwa sisi wote. Kama miguu inajikunja sentimita 3 wakati inapokea, nguvu ya wastani inayofika kwenye bawa ni kama ya kilo 12 (zidisha uzito kwa urefu wa kudondoka, gawanya kwa urefu wa kujikunja, hesabu ya haraka tu lakini inatosha). Ikijikunja nusu sentimita tu, nguvu hiyohiyo inakuwa ya kilo 72. Ndege ileile na urefu uleule! Na ugumu wa waya haupandi taratibu ukiongeza unene, unapanda kwa kipeo cha nne, yani ukitoka waya wa milimita 2 ukaenda wa milimita 3 umeongeza ugumu karibu mara tano. Kwaiyo unajiona umeimarisha kumbe umeua springi, sa kazi yote ya kupokea kishindo umeipa foamu, ambayo ni mapovu ya hewa yaliyobanana.

Alafu kuna mambo ya mtaimbo. Mguu una urefu wa sentimita 12, kiboksi chake kimeingia kwenye foamu sentimita 3. Gurudumu likinasa kwenye nyasi au kishimo linavutwa nyuma, na kule juu foamu inapata nguvu mara nne ya ile iliyopiga gurudumu, ndo vilevile unavyong'oa msumari. Kiwandani waliweka kiboksi kidogo kwa sababu ni chepesi na kinatosha kwenye lami laini. Sisi tunatua popote.

Kwaiyo mimi huwa naanza kwenye bawa, waya baadae. Nakata sahani ya plaiwudi ya milimita 3, upana angalau mara tatu ya kile kiboksi, na kama bawa lina bomba la karboni ndani natafuta namna sahani ifike pale ilishike, hata kama itabidi niirefushe mpaka inaonekana ya ajabu. Foamu haina nguvu kwa kipande kimoja kidogo ila ukiitandazia mzigo kwenye eneo kubwa inabeba vizuri tu. Pembe za sahani nazipiga msasa ziwe mviringo, maana kona kali ndo huanzisha ufa.

Ndege ikiwa tumbo juu, unaweka sahani juu ya bawa, unachora kwa kalamu, alafu unachimba kwa kisu chenye wembe mpya kina cha milimita 3 hivi ili sahani ikae sawa na ngozi ya bawa. Wembe ukiwa butu foamu inatoka vipunje vipunje kama mkate mkavu. Wapo wanaotumia pasi ya kuchomelea waya kuyeyusha, inafanya kazi ila ule moshi sio wa kuvuta na shimo linakuwa kubwa kuliko ulivyotaka kabla hujajua. Ukishachimba, kwangua ile ngozi laini kwa msasa wa 80, futa na spiriti, sa kinachofuata usikiruke: chukua kijiti cha meno, toboa vishimo kama 30 au 40 kwenye sakafu ya shimo, kina cha sentimita moja, vielekee pande tofauti tofauti. Epoksi (ile gundi ya kuchanganya ya vichupa viwili) ikiingia mle inakuwa kama mizizi, na siku sahani ikitaka kutoka lazima ing'oe mizizi yote kwa pamoja. Nimewahi kulazimika kuitoa moja niliyoiweka mwenyewe (niliiweka mahali sipo, nitafika hapo) na nikaishia kukata bawa.

Kuhusu gundi, jua kwanza foamu yako ni ipi. Ndege nyingi za dukani ni EPO, ngumu kidogo na inanesa, hii supaglu ya kawaida haiidhuru. Ila ile nyeupe ya kufungashia televisheni, EPS, supaglu ya kawaida inaila, inayeyuka huku unaangalia. Mimi yalinikuta zamani, nilipiga supaglu kwenye tumbo la ndege ya EPS nikaenda kunawa mikono, kurudi nakuta shimo la ngumi na servo (kile kijimota kinachosukuma usukani) imezama mle. Kwaiyo kabla ya gundi yoyote jaribu tone moja kwenye kipande cha ndani kisichoonekana, subiri. Epoksi iko salama kwa zote. Natumia ya dakika 30 kwenye sahani kwa sababu inapata muda wa kushuka kwenye vishimo, ile ya dakika 5 inaanza kuganda kabla hujamaliza kuipaka na mara nyingi unakuta mizizi haijafika popote. Gundi ya bunduki ya moto sitaki hata kuisikia kwenye miguu, ndege ikikaa kwenye gari lililofungwa juani inalainika.

Sahani ikishakauka usiku mzima, miguu naifunga kwa bolti za nailoni. Hapa wengi wananibishia, wanataka chuma. Sikiliza, kwenye ajali lazima kitu kivunjike, swali ni kipi. Ukiweka bolti za chuma umeamua kivunjike bawa. Bolti mbili za nailoni za M4 (unene wa milimita 4) kwa ndege ya kilo moja na kidogo zinavumilia kutua vibaya, lakini gurudumu likiingia kwenye mtaro zinakatika vichwa na miguu inabaki nyuma huku ndege inateleza na tumbo. Vipande vya bolti unavitoa kwa bisibisi ya moto kidogo, unaweka mpya, kazi imeisha. Kama miguu ni ya waya basi nailaza kwenye mfereji wa kipande cha mbao ngumu unaokwenda upande wa urefu wa bawa, nafunga kwa vibano vya plastiki na skrubu ndogo, ncha ya waya inakunjwa na kuingia juu kwenye mbao. Ile sehemu iliyolala inajisokota mguu ukivutwa nyuma, yani umepata springi ya pili bure.

Haya, waya wenyewe. Ni chuma cha springi, unakunjwa ukiwa baridi kwenye vaisi, usiupashe moto kabisa maana ukiupasha ile springi inaondoka unabaki na waya wa kufungia kuku. Usiukunje kwenye kona kali ya vaisi, zungushia kwenye bomba au bolti nene, na kunja kupita kiasi kidogo kwa sababu utarudi. Kukata, usitumie plaisi yako nzuri, utaiachia meno kama mwezi mchanga, tumia diski ya kukatia na uvae miwani, kale kakipande ka mwisho kanaruka kama risasi. Na kitu kimoja cha aibu: kunja mguu wa kwanza, uweke mezani, kisha kunja wa pili ukiutazama wa kwanza kama kwenye kioo. Mimi na uzoefu wangu wote mwaka jana nilijikuta na miguu miwili ya kushoto saa sita usiku.

Sasa mahali pa kuweka, ambapo ndo nilikosea ile nikaishia kukata bawa. Kwa ndege za gurudumu la mkia (makubwa mawili mbele, kadogo mkiani), ekseli, yani ule waya gurudumu linapozungukia, lazima iwe mbele ya balansi, pale ambapo ukiinua ndege kwa vidole inabaki sawa. Simamisha ndege iwe sawa kama inavyoruka, chora mstari wa kwenda chini toka kwenye balansi, alafu mwingine toka balansi hadi pale tairi linapogusa ardhi, kati ya hiyo mistari miwili nataka nyuzi 15 mpaka 20. Kama balansi iko sentimita 16 juu ya ardhi basi tairi liguse kama sentimita 4.3 hadi 5.8 mbele. Likiwa nyuma zaidi ya hapo ukiongeza moto wa mota tu ndege inapiga pua, propela inakula udongo. Mtu akishapiga pua mara tatu anakasirika anasogeza ekseli mbele kabisa, na hapo anaingia tatizo la pili: ikigusa chini mzigo wote uko nyuma ya magurudumu, mkia unashuka, bawa linapata pembe, ndege inaruka tena juu kama chura bila mwendo. Na kwenye kukimbia chini inataka kugeuka izunguke yenyewe. Kwaiyo ukiona inadunda dunda kila ukitua kabla hujajilaumu vidole pima ekseli kwanza.

Za gurudumu la pua ni kinyume, magurudumu makubwa yanakaa nyuma ya balansi kidogo, nyuzi 10 hadi 15 zinatosha, ukizidisha, elevata (kile kibawa cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua) itashindwa kuinua pua wakati wa kuruka, utamaliza uwanja wote ndege imeng'ang'ania chini. Na ule mguu wa pua usiufunge moja kwa moja kwenye servo ya usukani wa mkia kama unaweza kuepuka, kila kishindo kinaenda kwenye meno ya servo. Weka servo yake, au angalau kiungo cha waya chenye kijipinda cha V kinesenese. Mengine ya pua ni yaleyale.

Magurudumu: kwenye nyasi ukubwa unasaidia kuliko kitu kingine chochote. Yale ya milimita 55 yanayokuja na ndege nyingi yanazama kati ya mashina ya nyasi, ukiweka ya 75 au 80 yanapita juu. Chukua ya foamu nyepesi, yale ya mpira mzito yanakuongezea uzito pale chini na kila ukigeuka hewani unaona. Tairi likiwa kubwa ndege inasimama juu zaidi, ambayo ni faida kwa propela, mimi nataka angalau milimita 25 kati ya ncha ya propela na ardhi ndege ikiwa sawa, na kwenye nyasi zaidi ya hapo. Propela ya inchi 10 ina nusu kipenyo cha milimita 127, kwaiyo toka katikati ya mota hadi chini unahitaji 152. Pima kwanza ndo ukate waya, toa na propela yenyewe kabla ya kugusa chochote betri ikiwa karibu, sihitaji kueleza kwa nini.

Zile kola zinazozuia gurudumu lisitoke, saga kijisehemu bapa kwenye ekseli kwa diski (tupa itakuchosha tu, waya ni mgumu) ili skrubu ipate pa kukaa, tia tone la gundi ya kuzuia skrubu isilegee. Gurudumu lizunguke huru. Na yote mawili yaangalie mbele sawasawa, ukipenda yaelekee ndani kidogo kidogo sana, ila moja likiangalia huku na lingine kule hiyo ndege utaisukuma usukani mpaka uchoke.

Ukimaliza pima balansi upya, usiruke kwa balansi ya zamani! Sahani, mbao, magurudumu makubwa, vyote umeviongeza mbele ya balansi kwa hiyo kwenye ndege ya gurudumu la mkia kawaida pua inakuwa nzito, ni kusogeza betri nyuma kidogo.

Kabla ya kwenda uwanjani mimi naidondosha. Yani naishika na betri ndani, naiachia toka sentimita 10 kwenye sakafu, alafu 20, alafu 30, huku naangalia mpaka wa sahani na foamu kwa tochi. Mstari mweupe ukitokea pembeni ya sahani, gundi haijashika au sahani ndogo, rudi mezani. Waya ukitanuka ukabaki umetanuka ni laini, panda nusu milimita, sio moja nzima. Jumapili iliyopita hii ndege ya kilo 1.2 ninayoitumia kama mfano iliingia kwenye kichuguu wakati wa kutua, bolti zote mbili za kulia zikakatika, mguu ukabaki kwenye kichuguu umesimama wima peke yake. Nilikuwa na bolti sita mfukoni, dakika kumi ikawa hewani tena.